Tabaka la Chini

Dada yangu,

Natumai goti limepata nafuu. Huku mkuu wa maabara bado ananuna bila sababu, na kazi ni ile ile: tunaurushia ayoni, zile chembe ndogo zenye chaji ya umeme, utando wa kaboni wenye tabaka juu ya tabaka. Ayoni ikigonga, inang'oa atomi na kuacha tundu. Nyingine hupita tabaka la juu likabaki zima, zikatoboa la chini. Ukiupasha moto, matundu madogo huziba. Makubwa hayazibi ng'o.

Siku ya mazishi niliwaambia kwamba mama alipopiga, simu ilikuwa kabatini, nje ya maabara, kama sheria yetu inavyotaka. Mkanipa pole, na wewe ukanikumbatia kuliko wote.

Dada, simu ilikuwa mfukoni. Nililiona jina lake mara tatu. Nikajiambia, ngoja kwanza nimalize utando huu, zimebaki dakika nne. Nilipompigia, alipokea jirani, analia.

Utando ule ulitoka vizuri mno. Mkuu ameibandika picha ya utando huo mlangoni, nami naisukuma kila asubuhi nikiingia kazini.

Usijilazimishe kunijibu.

Mdogo wako