Kanzu ya Harusi Yako

Nguvumali, 9 Machi 1956

Baba,

Shikamoo. Mbuzi kazaa. Mdogo wangu Mize kang'oka jino, hana wa kumwonyesha.

Kanzu uliyotaka ipigwe pasi, ukaoe Pangani, hakuiharibu Mama. Aliniambia, "Mboni, zibua matundu ya pasi, yamejaa majivu." Nikamwitikia, "Tayari, Mama." Sikuzibua. Alipopuliza mkaa, majivu yakamwagika kifuani mwa kanzu, cheche zikaitoboa. Nilifurahi.

Ukamwita mwenye wivu, ukamrudisha kwao Kigombe, naye akakuomba radhi kwa kosa langu. Mbele yako lugha zote mbili za shule hunikauka; kwa kalamu nasema. Mrudishe Mama. Ukitaka wa kumfukuza, nipo.

Mimi mwanao, wala sikujichagulia,
Mboni