Jiwe Uliloliokota Njia ya Lodwar

Mpendwa Baba Chebet,

Majibu ya jiwe lako yamefika, na mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia ni wewe.

Unakumbuka tukikaa Kaptembwo, mimi nikisomea jiolojia, wewe ukiendesha lori kwenda Lodwar? Kila ukirudi ulikuwa na jiwe jeusi chini ya kiti. Madereva wenzako pale Salgaa, malori yanapopumzika, walikucheka: wao wanapelekea mabibi vitunguu, wewe mawe. Ulilitua mezani kabla hata ya kuvua viatu.

"Hii imetoka juu, angani?" uliuliza.

"Hii ni ya volkano, kama zile za Menengai."

"Sawa. Nitaleta ingine."

Ukaleta ingine, na ingine, mpaka mwenye nyumba akauliza kama tunapanga kujenga.

Halafu ukaleta lile dogo, lenye ngozi nyeusi iliyoungua, zito kuliko ukubwa wake. Sumaku ikalivuta. Nilipolikata chuoni nikakuta madoa meupe ndani. Nilikupigia ukiwa Salgaa unakunywa chai, nikakwambia ni kimondo, na kwamba yale madoa ni kati ya vitu vya kwanza kabisa kuganda jua lilipokuwa changa, kabla dunia haijakuwa dunia. "Na mimi nimelibeba pamoja na spana," ukasema.

Mvua ndefu zilipoanza ukaugua kifua. Hukurudi kutoka hospitali.

Kipande cha kwanza nilikituma ng'ambo kwenye mashine ya kupima oksijeni iliyomo ndani ya mawe. Nilishakueleza: iko ya aina tatu, nyepesi, ya kati na nzito, na mchanganyiko wake husema madini yalizaliwa wapi. Lakini doa la kipande hicho lilikuwa limepitiwa na maji ndani ya jiwe kubwa lililozaa kimondo chetu, huko angani. Madini yake mengi yaligeuka, yakashika oksijeni ya yale maji, ile ya mwanzo ikapotea. Wapimaji wakaomba kipande kingine.

Nilikuwa nimebaki na kimoja tu, kile nilichokiweka ndani ya kofia yako. Nilikaa nacho wiki nzima. Mwishowe Chebet akaniambia, "Mum, lakini baba alileta hiyo stone ndio ipimwe." Nikakituma. Nililia hadi nikafika nyumbani.

Safari hii walipata, katikati ya doa, punje ngumu ambazo maji hayakuzigeuza. Oksijeni yake ni ileile ya mwanzo. Nilisoma majibu nikageuka kukuita, nikaona kiti chako kitupu.

Sasa wanauliza liliokotwa wapi. Kimondo hupewa jina la mahali kilipopatikana, na huenda vipande vingine bado viko huko. Ulichoniambia ni kwamba ulipita Lokichar ukasimama kukagua tairi. Juzi nilienda huko na Kiprono, yule uliyekuwa ukipokezana naye usukani. Alipunguza mwendo kila penye kona.

"Ni kama hapa," alisema. "Ama ni pale mbele. Mama Chebet, sitakudanganya, sijui."

Nikashuka. Mchanga, na mawe meusi hadi macho yanapokoma. Nilitembea nikitazama chini mpaka jua likaniuma shingo. Wakati huu wote nimekuwa na mengi ya kukuambia, lakini pale nilikuwa na swali moja tu, na hakuna mwingine duniani wa kulijibu: uliinama wapi, mume wangu?

Lala salama huko uliko. Mimi ningali nakutafuta,

Mama Chebet