Sabuni Yako Sijaiuza, Dada

Sombetini, Arusha

Dada Hawa,

Shikamoo. Ya mama nayo ni hii hii, mkatie nusu. Mimi mzima, ila kwa baridi ya huku mwezi huu, mzima ni yule ambaye bado anavisikia vidole vyake. Mlima Meru wenyewe haujatoka nje tangu wiki iliyopita, umejifunika wingu gubigubi kama mwenye homa. Nyinyi je? Goti la mama siku hizi linakubali kukunjwa? Na yule mbuzi mwenye tabia ya kuingia jikoni bado yupo? Kama mmeshamla usinijibu, nitaumia.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu yangu ilizama kwenye ndoo ya oili chafu. Na hata ingekuwa nzima nisingepiga, maana nikianza kujisifu tu unakata. Barua hii huwezi kuikata.

Sasa tuje kwenye yale maneno yako. Salumu utingo alinikuta stendi, watu wamejaa, akapaza sauti ile yake ya kuitia abiria: "Dada yako Kondoa anauliza, ile sabuni unaogea, unakula au unauza?" Stendi nzima ikanigeukia. Dada, sijauza hata kipande. Habari za sabuni ni ndefu, na ndani yake nusura nipoteze kazi, kwa hiyo tafuta kigoda ukae. Kama unamsomea mama, nitakuambia pa kuruka.

Wewe unajua niko gereji ya magari ya watalii. Tuko saba. Mkuu wetu ni Mzee Kaaya, Mmeru wa Nkoaranga, mtu mzima, macho yameanza kumtupa mkono, lakini ukiwasha gari anakuambia linaumwa wapi kabla hujafungua boneti. Mimi naitwa saidia fundi, yaani muosha vyuma na mshika taa. Hilo ni jina tu. Kwa kazi ya mikono mimi ni wa pili pale gerejini, na wa kwanza bado hatujamjua.

Mzee Kaaya naye aliliona hilo. Jumatatu ile aliniita pembeni. "Jumamosi linakuja gari linataka springi mpya za nyuma. Utafunga peke yako. Zikikaa, nitakupigilia msumari wako ubaoni. Zisipokaa, tutaongea."

Nikueleze huo ubao. Upo ukutani, umejaa misumari, na kila fundi ana yake ya kutundikia spana alizonunua mwenyewe. Lakini ukihitaji spana huombi. Unachukua yoyote, unafanya kazi, unaifuta, unairudisha. Mimi nimezitumia hivyo tangu nifike. Kuwa na msumari ndiyo kuwa fundi. Na ile "tutaongea" ya Mzee Kaaya siyo ya kuongea, dada. Aliyekuwepo kabla yangu waliongea naye, sasa hivi anachoma mahindi Tengeru. Nikamkumbuka Mjomba Rajabu alivyosema mbele ya ukoo mzima kwamba nitarudi kabla alizeti haijavunwa. Nikaapa sirudi.

Basi, bafu. Bafu letu ni la bati, liko nyuma ya gereji, lina bomba moja na rafu ya ubao. Huwezi kurudi ulikopanga na oili mwilini, mwenye nyumba atakutoa na godoro lako, kwa hiyo jioni wote tunaoga pale. Wenzangu walikuwa wananawa kwa dizeli, halafu sabuni ya unga na pumba za mbao. Ukiwashika mikono utadhani umeshika gome la mti, na kwa baridi hii imepasuka mpaka inatoa damu. Mimi nikatokea na sabuni yako ya alizeti na kile kikopo cha mafuta ya nta. Nikavipanga rafuni kistaarabu, pamoja na dodoki langu na mswaki wangu wa bluu.

Sabuni ikaanza kuisha bila mimi. Naiacha nene kama tofali, naikuta nyembamba kama biskuti. Siku nyingine ina nywele, tena za kipilipili za mtu mzima, na mimi nimenyoa. Kwenye mafuta ya nta nikakuta shimo la kidole, dada, dole kubwa lenye grisi, utadhani mtu alikuwa anapima oili ya injini. Na mswaki! Kila asubuhi naukuta umelowa. Nilipiga mswaki jana yake asubuhi, mpaka leo unalowa na nini? Hapo usimsomee mama.

Halafu jioni moja fundi Lema akanipita mlangoni. Lema ni Mchaga, mrefu, mkono wake mmoja ni miwili yangu, na ndiye mwenye spana nyingi kuliko wote. Kapita, nikasikia harufu. Alikuwa ananukia nyumbani kwetu. Alizeti, nta, na ule moshi wa jiko lako. Nilisimama pale nikajisikia hamu ya nyumbani na hasira kwa pamoja, na hasira ndiyo ikashinda.

Kesho yake, wakati wa chai, wote wamekaa juu ya matairi na chapati zao, nikasimama.

"Jamani, nani anatumia vitu vyangu bafuni?"

Mollel, yule anayechomelea, akameza chai yake. "Vitu gani, chalii?"

"Sabuni. Mafuta. Mswaki."

"Mswaki!" Mollel akashika mdomo. "Aisee, hiyo sasa ni ndoa."

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Lema peke yake hakucheka. "Sabuni nimetumia mimi," akasema. "Na mafuta. Mkono ulikuwa umepasuka. Sikujua ina mwenyewe, ilikuwa rafuni."

"Rafuni ndiyo nini? Mtu akiacha viatu msikitini ndiyo vya wote?"

"Ungesema tu, bwana mdogo."

"Ndiyo nasema sasa. Kuanzia leo, kila mtu na chake!"

Nilisema kwa sauti nzuri kabisa, ungekuwepo ungejivunia. Lema akaweka kikombe chini polepole. Akawaangalia wenzake mmoja mmoja. "Sawa. Kila mtu na chake. Wote mmesikia?"

Wakasema wamesikia. Mimi nikadhani nimeshinda.

Mchana nikatengeneza sanduku la mbao, nikalifungia kwa skrubu kwenye ukuta wa bafu, nikatia vitu vyangu vyote, nikapiga kufuli, nikaandika SHABANI kwa rangi nyekundu. Siku zile nikioga naimba. Hakuna aliyeniambia neno, ila Mzee Kaaya, aliyekuwa akizunguka gereji nzima akinung'unika kwamba kuna mtu kamchukulia burashi yake ndogo ya plagi. Kila mtu alikuwa na burashi yake, hakuna aliyemjali.

Jumamosi nikaamka mapema, nikavaa overoli niliyoifua. Gari limeshaletwa, dereva wake amekaa getini anaangalia saa, mchana anatakiwa akabebe wageni. Nikapiga jeki, nikaweka stendi za chuma chini yake, nikatoa magurudumu. Nikageuka kuchukua spana.

Ubao ulikuwa mtupu.

Dada, sijui nikuambieje. Misumari mitupu, safu kwa safu, na alama za vumbi zenye umbo la kila spana iliyokuwa pale. Nikatazama huku na huku. Kila fundi ana sanduku lake la chuma miguuni, na kila sanduku lina kufuli. Kufuli mpya, zinang'aa. Walinunua kama langu. Mollel anachomelea, hageuki. Lema kalala chini ya gari jingine, miguu tu ndiyo inaonekana.

Nikaenda kwa Mzee Kaaya. "Mzee, spana hamna."

"Naona."

"Sasa nitafungaje?"

"Mimi nilikuambia ufunge springi," akasema, wala hakuniangalia. "Kufunga sabuni ulijituma mwenyewe. Gari hilo hapo, dereva yule pale."

Mali yangu mimi duniani ilikuwa bisibisi moja na spana ile ya kurekebisha mdomo, inayofungua nati yoyote. Jina lake la gerejini ni spana malaya. Hapo ruka tena, sikulitunga mimi. Nikaitia kwenye nati za bolti kubwa zinazobana springi. Nati zilikuwa na kutu ya mbuga zote. Nikavuta, ikateleza, vifundo vya vidole vikagonga chuma, damu. Nikavuta tena, nikasikia kona za nati zinaanza kulika. Ukila kona za nati, hata spana ya mfalme haitaifungua tena, mpaka ikatwe kwa moto. Nikaacha.

Nikatoka nikaenda gereji ya jirani. Yule jirani kanitazama mimi, katazama kwetu. "Kwenu kuna spana kuliko duka, wewe unakuja kuomba kwangu? Umewafanya nini wenzako?"

Nikarudi. Dereva akauliza, "Vipi, fundi, tunatoka?" Lile neno fundi liliniingia kama mwiba. Nilimwona Mjomba Rajabu barazani, ameegemea, anasema "si niliwaambia." Nilifikiri kuvunja kufuli la Lema. Nyundo ilikuwepo. Nilifikiri pia kwenda stendi moja kwa moja na overoli yangu, nimwambie Salumu anipakie na mizigo.

Badala yake nikaenda bafuni na bisibisi. Kwa skrubu za sanduku, hiyo ilitosha. Nikalitoa ukutani lote, nikalifungua. Sabuni yako moja ilikuwa imebaki. Nikachukua waya wa breki, nikaikata kama unavyokata wewe kwa uzi, vipande saba, nikavipanga rafuni. Mafuta ya nta nikayaacha wazi. Mswaki na dodoki navyo vikarudi palepale. Sikusema samahani, usije ukadhani. Nilitoka nikasimama karibu na gari, mikono nyuma, nikiangalia ubao.

Miguu ya Lema ikasogea, akatoka chini ya gari. Akaniona vidole vinavuja. Akaenda bafuni. Nikasikia bomba linafunguliwa, maji yanatiririka muda mrefu, kisha likafungwa. Akatoka anapaka mafuta kwenye mipasuko, taratibu, kidole kwa kidole. Akafungua sanduku lake. Akatundika spana ya kwanza. Ya pili. Hakuniangalia hata mara moja. Mollel akazima mashine yake, akaenda bafuni na yeye.

Sikungoja wamalize. Nikavuta spana ya Lema msumarini, nikaingia chini ya gari. Dada, nilifanya kazi kama niliyekopeshwa mikono. Ile nati niliyoijeruhi Lema alikuja akaishika kwa soketi yake nzito, akasema, "Usivute kwa hasira. Egemea." Nikaegemea. Ikalia, ikakubali. Akaondoka. Alichonisaidia ni hilo tu, mengine yote ni mimi, uwaambie hivyo huko.

Dereva alikuwa amesimama mlangoni nilipokaza ya mwisho. Mzee Kaaya akaja kukagua. Akainama, uso umekaribia kugusa springi kwa sababu ya macho yake, akatia mkono mfukoni, akatoa kitu akaanza kusugua vumbi kwenye bolti aone meno yake yamekaaje.

Mswaki wangu. Wa bluu. Wenye alama niliyoichoma kwa msumari wa moto.

"Mzee," nikasema, "huo mswaki..."

Lema akanikanyaga mguu.

"Mzuri huu," akasema Mzee Kaaya, anasugua. "Niliuokota bafuni, mtu alikuwa ameutupa rafuni. Ukapotea siku mbili tatu, leo nimeukuta tena. Mimi kila nikisugulia plagi nausuuza naurudisha. Nyie vijana kurudisha vitu hamjui."

Nikakumbuka asubuhi zote nilizolaumu maji ya Arusha kwa kuwa na ladha ya petroli. Mollel alikuwa amejificha nyuma ya mtungi wa gesi, mabega yanaruka. Na mimi nimesimama, maisha yangu yote yako chini ya mswaki ule, siwezi hata kutema mate.

Alisugua bolti zote. Akabadilishisha ile nati iliyolika kona. Kisha akampa dereva ufunguo, akaniambia nipande. Tukapanda naye barabara mbovu ya kuelekea mlimani, mashimo na mawe, na Mzee Kaaya kiti cha nyuma kafumba macho, anasikiliza. Nilikuwa naomba dua kimyakimya kila tunaporuka shimo. Kurudi, akashuka, akatembea mpaka kwenye ubao bila kusema zimekaa au hazijakaa. Akachukua nyundo. Akapigilia.

Nilitundika ile spana yangu, unayoijua jina. Jumatatu asubuhi nikaenda kuiangalia, haipo. Nikazunguka gari kwa gari, nikaikuta uvunguni mwa gari moja, mkononi mwa Lema, anaitumia bila kuniomba. Nilisimama nikaiangalia kidogo, halafu nikaenda kuendelea na kazi zangu.

Kwa hiyo sabuni imeisha, na hiyo ndiyo sababu. Salumu atakuletea kikopo kitupu. Nirudishie kikubwa zaidi, na sabuni ukate mche mzima, baridi bado ipo na mikono ni saba. Mswaki nimenunua mwenyewe, nalala nao mfukoni.

Mama mwambie nimenenepa. Shemeji mpe salamu, na mwanawe anayevunjavunja redio aendelee, ana kipaji kama cha mjomba wake. Bibi wa jirani aliyenipa chumvi ya safari mwambie bado ninayo. Mjomba Rajabu mpelekee barua hii mwenyewe, asome kwa miwani yake, aanzie hapa chini.

Mdogo wako,
Fundi Shabani