Ishara Iliyoita Pikipiki Zote

Selorm, ile meseji niliyokuandikia jana kwamba mimi sikosei hata nikiwa usingizini, ifute. Ifute sasa hivi!

Leo namaliza kipindi cha majaribio kazini hapa mgahawani, na nikivuruga narudi kwa mama. Bosi Dzifa akaniambia, "Jaribu ishara, lakini kwa oda moja tu."

Si nilikueleza? Kila oda ina mitiririko miwili ya kazi kwenye mfumo wa kompyuta, wa jikoni na wa pikipiki. Ule wa jikoni ukimaliza, unautumia ishara ule wa pikipiki: waakye, wali wetu wa maharage, iko tayari, njoo uchukue. Mimi nikaona uvivu kuandika namba ya oda. Nikaacha wazi, nikabonyeza.

Ishara ikaenda kwa mitiririko YOTE iliyokuwa inaendelea. Yote, Selorm!

Dakika kumi tu, pikipiki thelathini na nane mlangoni, honi juu ya honi, na waakye bado inachemka!

"Chakula kiko wapi, mzee wa kompyuta?"

"Au tuingie tupike wenyewe?"

Nikacheka mpaka nikamwona Dzifa anakuja.

"Nani katuma ishara?"

Mimi, bila haya: "Mfumo umeingiwa na wazimu, madam. Umetuma wenyewe." Pikipiki thelathini na nane, nami nasema umetuma wenyewe!

Akageuka kuitazama kompyuta. Nikajua nimepona.

Ndipo Auntie Akweley, mpishi, akachomoza na mwiko wake: "Dzifa, huo mfumo nimeuona kwa macho yangu. Umevaa shati la njano. Ulibonyeza ukasema, 'Namba ya nini, nani atajua?'"

Selorm, leo nimevaa shati la njano.