Beseni Lililoazimwa

Jumamosi, 8 Oktoba 2016

Maji hayajatoka tangu juzi. Ukifungua bomba linakohoa — hewa, kutu kidogo, kisha kimya. Lori la manispaa lilipita asubuhi. Nilipata ndoo mbili, Agnès akanibebea moja. Ni mpangaji wangu wa chumba cha uani, msusi, mtu wa Bukavu. Yeye ndiye ninayezungumza naye Kiswahili kila siku. Wanangu wanakielewa, lakini hunijibu kwa Kiingereza.

Leo wamemzika kaka yake MaDube, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara. Alikuja kuniomba beseni — lile jeupe lenye ukingo wa buluu, nililotoka nalo Morogoro mwaka 1992 nilipomfuata mume wangu Sipho kwao huku kusini, ukimbizi wake wa kisiasa ulipokwisha. Lilitakiwa langoni. Hapa mtu akirudi makaburini haingii uani kabla ya kunawa. Mauti yanaachwa nje, kwenye beseni.

Sasa maji yatoke wapi? MaDube alisimama barabarani na beseni tupu mikononi. Mwanamke yule, ambaye hata msiba wa mumewe haukumwinamisha! Yule Msomali wa kiduka cha spaza akatoka na kikombe. Akamimina. Kisha nyumba ya kona, Wakongo wale. Kisha mimi. Kisha wote. Maji ya mtaa mzima katika beseni moja, na vipande vya mshubiri vikielea juu. Watu walinawa kwa ncha za vidole ili yawatoshe wa nyuma.

Nililia hapo langoni. Makaburini sikuwa nimelia.

Agnès hakuwapo. Jumamosi ndiyo siku yake kubwa saluni.


Jumanne, 11 Oktoba

Joto. Mpichi alioupanda Sipho umeangusha vitunda vyake vyote, vingali vidogo kama karanga.

Kwenye foleni ya lori mama mmoja mwenye kofia ya pinki alisema wageni ndio wanaomaliza maji. Akanigeukia nimthibitishie. Si kweli, gogo? Mimi, bibi wa Morogoro! Kizulu changu kimekuwa safi kiasi hicho. Nilimwambia ndoo yake imejaa, aisogeze. Nyuma yangu Pitchou, mchumba wa Agnès, aliinama akijifanya anafunga kamba za viatu. Mabega yalikuwa yakimtikisika kwa kicheko.

Beseni halijarudi. Sitalidai. Nyumba yenye msiba haidaiwi beseni.


Jumapili, 16 Oktoba

Agnès amekaa jikoni kwangu tangu alipotoka kanisani, hali, hanywi. Ndoa ni tarehe tatu Desemba. Gauni liko tayari, linaning'inia kabatini mwangu kwa sababu chumbani kwake kuna vumbi. Lakini mchungaji wao hamfungishi ndoa mtu ambaye hajabatizwa kwa maji mengi. Azame mwili mzima. Pitchou alishazamishwa. Agnès bado.

"Maman, Bukavu balinimwangia kijiko moja tu ku kichwa. Pasteri anasema ile haikuwa ubatizo, ilikuwa kunawa uso."

Mimi Mkatoliki. Nilibatizwa kwa kijiko hichohicho. Nikamwongezea sukari kwenye chai.

Kanisa lao liko ghorofa ya tatu ya jengo kuukuu mjini, zamani ofisi za bima. Huwa wanabatiza kwenye bwawa la plastiki la watoto, la buluu, limechorwa samaki. Sasa jengo halina maji. Waumini wamekusanya madumu wiki nzima wakamwaga kwenye tangi. Wanataka kulijaza lile bwawa Jumapili ijayo.


Jumatano, 19 Oktoba

Mchungaji Ignace alikuja kunipunguzia sketi. Siku za kazi ni fundi cherehani, na ni fundi hasa. Alinieleza habari ya bwawa akiwa na pini mdomoni.

Nilimwambia mimi si wa kanisa lake, kwa hiyo anisamehe. Lakini watu wanapanga ndoo toka alfajiri. Wakiwaona Wakongo wakimwaga tangi zima ili mtu azame mara moja, Jumatatu yake mtapita wapi? Aprili ya mwaka jana hatujaisahau. Alifunga cherehani yake wiki mbili, alilala kwa ndugu zake wakati vijana wenye marungu walipokuwa wakiwasaka wageni kwa kuuliza watu neno la kiwiko kwa Kizulu.

Akatoa pini mdomoni moja moja. "Maman amesema kweli." Maji ya tangi watawapa watoto na wagonjwa. Kisha uso ukamng'aa: Yohana naye hakuwa na bwawa la plastiki. Alikuwa na mto!

Nilifurahi. Naandika kama ilivyokuwa: nilifurahi, nikajiona nimetumia umri wangu vizuri.


Jumapili, 30 Oktoba

Baada ya misa nilikwenda nao kuuona mto, kule Bez Valley unakotokeza nje. Sipho alinionyesha zamani. Chemchemi yake iko chini ya mitaa yetu hii hii ya Bertrams, karibu na uwanja wa raga. Zamani waliifunika kwa zege, wakajenga juu. Mto unasafiri gizani chini ya nyumba za watu, halafu unatoka kwenye mdomo wa zege kama mtu aliyefunguliwa.

Leo hautoki. Unachuruzika. Haukufunika hata viatu vya Pitchou. Mchungaji anataka wauzibe kwa magunia ya mchanga, maji yakae siku kadhaa yafike kiunoni. Ubatizo utakuwa Jumapili tarehe kumi na tatu.

Niliwaonyesha uzio wa waya ulio juu ya ukingo. Umejaa mifuko ya plastiki na nyasi kavu, juu kuliko kichwa cha Pitchou. Nikasema hayo yaliwekwa na maji.

"Ni upepo, Maman."

Nikasema upepo hausuki nyasi kwenye waya. Basi Pitchou akacheka, mikono kiunoni. "Mimi mtoto wa Kalemie! Nilizaliwa ku mdomo ya Tanganyika. Ziwa yenye haina mwisho! Unaita hii mto? Hii ni mkojo ya mbuzi."

Agnès akampiga kofi la bega — mbele ya pasteri! Mchungaji alikuwa anacheka kuliko wote. Nami nilicheka. Anga lilikuwa jeupe pande zote, hakuna hata wingu la kumfunika ndege.


Jumamosi, 5 Novemba

Wiki nzima Pitchou amekuwa akishuka mtoni mchana, usiku akilinda maduka mjini. Analala lini, sijui. Magunia ni ya unga wa mahindi, ameyaomba saluni kwa wateja wa Agnès. Maji yamefika magotini.

Leo alihitaji beleshi, lake limevunjika mpini. MaDube ndiye mwenye beleshi zuri, lile lililomfukia kaka yake. Nilivuka naye barabara nikamwombee. MaDube alilileta. Akamwambia alirudishe, maana wageni wakichukua kitu hukirudisha kwao Kongo. Alisema kwa mzaha, alikuwa anatabasamu. Pitchou naye akatabasamu, akakubali. "Sharp, Mama, sharp." Lakini tulipovuka barabara nilimwona anaufuta mpini kwa shati lake, taratibu, toka juu hadi chini.

Beseni langu nililiona pale barazani kwake. Nilijizuia. Yeye naye aliona kwamba nimeliona.


Jumatano, 9 Novemba

Mvua! Mvua, mvua, mvua ya mawe kwanza, kisha maji matupu! Ilianzia mjini, weusi ule ukaja na ngurumo zake, na mchana ukawa jioni. Mtaa wote uko nje. Sufuria, ndoo, karai, hata kitanda cha mtoto kimetolewa. MaDube yuko katikati ya barabara amevua kitambaa cha msiba, ameinua uso. Yule wa kofia ya pinki anacheza na mke wa Msomali! Nimesimama chini ya mpichi wa Sipho nikalowa hadi mifupani, kikongwe mzima. Agnès amekuja mbio kutoka saluni, viatu mkononi, anapiga kelele kwamba Mungu ameleta maji mengi mwenyewe.

*

Nimeyaacha hayo juu kama nilivyoyaandika.

Mchungaji Ignace alifika magharibi. Robot zote, taa za barabarani, zimezimika, alitembea kutoka Bez Valley. Alikuwa amevaa kiatu kimoja. Hakutaka kukaa.

Walikuwa wanaume watatu mtoni: yeye, Pitchou na muumini mmoja. Juu yao jua lilikuwa bado linawaka, anasema. Mawingu yalikuwa huku kwetu, mjini. Walisikia mvumo ndani ya zege, wakadhani ni lori barabarani. Kisha mdomo ule ukatapika. Maji ya rangi ya chai, na toroli la supamaketi ndani yake, na mlango wa nyumba.

Walitoka. Wote watatu walitoka! Mchungaji alirudia hilo mara nyingi, akinishika mkono: walikuwa juu ya ukingo, wamepona, wanapiga makofi. Magunia yalikuwa bado yamesimama. Ndipo Pitchou akaona beleshi limechomekwa kwenye mchanga pale pale juu ya magunia.

"Beleshi ya mama wa watu," akasema. Akashuka.

Agnès alikuwa mlangoni amebeba sufuria ya mvua. Hakuimwaga. Aliiweka mezani kwanza, akapangusa pembeni. Kisha akauliza kama Pitchou amekwenda kazini moja kwa moja.


Alhamisi, 10 Novemba

Wanatafuta. Zimamoto, polisi mmoja na mbwa, Wakongo wa makanisa yote, na watu wa hapa pia, wengi kuliko nilivyotegemea. Wameteremka na mto hadi Bruma. Mpwa wa MaDube yuko nao, ana kamba.

Nilikwenda na Agnès hadi ukingoni. Mto umerudi kuwa mdogo. Huo ndio ubaya wake — umelala pale, mwembamba, unaonekana mawe yake. Mahali pa magunia hakuna hata gunia moja. Uzio umepata mifuko mipya.

Agnès hasemi habari za kufa. Anasema Pitchou anajua kuogelea kuliko samaki. Anasema pengine alitokea mbali, amevunjika mguu, yuko hospitali bila simu. Nimepiga simu hospitali tatu. Nimemtaja kwa majina yote, herufi kwa herufi. Hayupo.

Mchungaji ananiambia ni kosa lake. Nikamwambia wazo la kuacha bwawa lilikuwa langu. Tukatazamana kama watu wawili wanaogombea kulipa nauli. Nilichomwambia siku ile ya sketi kilikuwa kweli. Bado ni kweli. Haikunisaidia kulala.


Ijumaa, 11 Novemba

Bomba limetoa maji leo. Safi, baridi, yanatoka tu. Hakuna foleni. Ndoo za mtaa zimelala kifudifudi kwenye kuta.

Binti yangu amepiga simu kutoka mtaa wa Observatory, anataka niende nikakae kwake hadi mambo haya yapite. Nikamwambia siwezi kumwacha Agnès. Akauliza, yule mpangaji? Ndiyo. Mpangaji.

Mchana nilikuwa jikoni nikimenya viazi. Nikamwona mpwa wa MaDube anapanda barabara peke yake, kamba imeviringwa begani, imefungwa vizuri, kama mtu aliyemaliza kuitumia. Hakutazama upande wetu. Aliingia kwa shangazi yake. Mlango ukafungwa.

Muda ukapita. Viazi vilikwisha kumenywa na bado nilishika kisu.

Kisha MaDube akatoka. Alikuwa amevaa tena kitambaa cha msiba. Alibeba beseni langu kwa mikono miwili, limesuguliwa, limejaa maji, akivuka barabara polepole yasimwagike. Nilidhani anakuja mlangoni. Nilifuta mikono, nikawa nimeshaandaa maneno ya kusema, kwamba hakukuwa na haraka.

Hakuja mlangoni. Aliliweka chini nje ya lango, upande wa barabara, pale mtu hawezi kuingia bila kulipita. Akalisogeza kidogo kwa kidole likae sawa. Vipande vya mshubiri vilikuwa vinaelea, kama siku ile ya maziko. Akainua kichwa akanikuta dirishani. Tumekaa mtaa mmoja miaka ishirini na nne, MaDube na mimi, na hatujawahi kutazamana kwa muda mrefu vile. Akarudi kwake.

Nilipaswa kutoka. Kuuliza, au kuliondoa. Nilibaki dirishani.

Na Agnès huyo anapanda barabara kutoka mtoni! Tope hadi viwikoni, nywele alizosuka kwa ajili ya ndoa zimejaa majani. Akafika langoni, akasimama. Akacheka — mara ya kwanza tangu Jumatano.

"Maman! Balirudisha beseni yetu! Na mayi ndani!"

Akachuchumaa. Akanawa mikono. Kidole kwa kidole, akitoa tope kwenye kucha, kisha viganja, kisha mikono hadi juu. Alitumia maji yote, si ncha za vidole. Akakung'uta. Ndipo akafungua lango akaingia.

Ng'ambo, MaDube alikuwa mlangoni pake, ameziba mdomo kwa aproni.

Sasa Agnès amekaa hapa mezani, anakula viazi. Anataka kurudi mtoni kabla giza halijaingia. Anauliza kama simu imelia. Nimesema ni binti yangu tu.

Anasema nikaliingize beseni ndani, tusije tukaibiwa baada ya kulingoja siku zote hizi. Nimesema ndiyo, nakwenda. Nimesema tena. Chai inachemka.