Uji Moto Ukumbini

Jumamosi, 14 Machi 1998. Asubuhi baridi na manyunyu, kutoka Ruiru hadi Thika.

Wale wavulana wa meza ya pili hawana adabu hata kidogo. Mimi na Njeri tulikuwa tukiingiza roboti yetu kwenye ukumbi wa mashindano ya sayansi, ule mkono wa mbao unaoendeshwa na sirinji za maji. Njeri alitaka tupige kelele ya wapishi wa shule, ile ya kuonya watu wapishe sufuria isiwaunguze. Nikamwambia hatuko jikoni. Nikasema "samahani" kwa kila mgongo, na hakuna aliyesonga.

Wao wakaja nyuma wakisukuma meza. Pembe ikatugonga, mpira wa sirinji ukachomoka, maji yakamwagika.

"Si mngetoka njiani, madam!" akasema yule mrefu, wakacheka.

Tulirudisha mpira, lakini hewa ilikuwa imeingia. Mbele ya majaji mkono ulishindwa kuinua hata chaki. Miezi minne ya kazi.

Tukitoka, Njeri hakuniuliza. "Uji moto! Uji moto!" Ukumbi mzima ukatupisha. Yule mrefu aliruka mpaka ukutani.

Sikucheka. Hiyo njia ningeipata asubuhi.

Njeri hajanilaumu, na hilo ndilo linaloniuma. Wale sitawasamehe. Nalala saa tano na robo.