Bangili Iliyo Ndani ya Injini

Ziwa Jipe, 9 Machi 1953

Mke wangu Eliwaza,

Nakusalimu wewe na mama. Mimi mzima, ila mikono imechoka. Ile injini kuukuu ya mashua ya bwana imewaka. Pistoni niliitoa kwenye injini iliyozama, springi kwenye pikipiki mbovu ya Lembeni. Washa za shaba, vile vipete bapa vinavyowekwa chini ya nati, ndizo zilizokosekana kabisa.

Umeniandikia tena kwamba mama hali chakula ulichopika, kwa sababu ya bangili ya shaba ya bibi iliyopotea, ambayo mabinti wa ukoo huivaa siku ya harusi, na dada yangu Ruthi anaolewa baada ya Pasaka. Eliwaza, niliichukua mimi nilipoondoka Chome, nikidhani nitaiuza nikikwama. Hapa nikaiponda, nikaikata kuwa washa za injini hii. Mwaka mzima nimekuacha ubebe jina la mwizi.

Jana nilimwomba bwana anipe shaba ile siku injini itakapokufa. Akacheka: "Filemoni, umeitengeneza vizuri mno. Hii itatuzika sote."

Usiifiche barua hii. Msomee mama kwa sauti, na Ruthi awepo asikie.

Mumeo aliyekukosea,
Filemoni